Kidato cha Sita na Msimu wa Kubeti

Ikifika Machi, kila shule ya bweni yenye kidato cha sita hupata watabiri wake. Hawateuliwi na mtu, wanajitokeza wenyewe. Mmoja anasifika kwa fizikia, mwingine kwa kemia, na yule wa baiolojia hakosi daftari lenye jedwali: miaka kushoto, mada juu, alama ya vema kila mada ilipowahi kutoka. Anapitisha kidole safu kwa safu, bweni limenyamaza, halafu anatoa hukumu. "Jenetiki lazima. Uainishaji ulikaba mwaka jana, mwaka huu unapumzika. Ikolojia wekeni pesa." Watu wanaandika. Wapo wanaofunga kitabu cha uainishaji usiku huohuo na kukirudisha maktaba.

Nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kwenye shule ya serikali ya nyanda za juu kusini, miaka ya 2010 ikiwa inaelekea ukingoni, na chumbani kwetu tulikuwa na watabiri wawili. Siwasemi kwa kinyongo. Walikuwa vijana wenye akili, tena wachapakazi: lile jedwali la miaka lilikuwa limechukua wiki nzima ya msuli kulijaza. Na hapo ndipo penye neno langu. Kujiandaa kwa mtihani wa sayansi kuna kazi mbili, kuujua mtihani na kulijua somo. Ukizitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha, maana zote zinafanyika mezani, usiku, kwa kalamu na daftari. Lakini ile ya kwanza inakula muda wa ile ya pili, na inaula ikijiita kusoma.

Kwa aliyesahau mambo ya shule: Tanzania kijana anayetoka sekondari hafanyi mtihani mwingine wa kuingilia chuo kikuu. Mtihani wa kidato cha sita wa Baraza la Mitihani, Necta, ndio mlango wenyewe. Una masomo matatu ya kombi, wakati wetu ulikuwa na General Studies kwa wote, na sisi wa PCB tulikuwa na hesabu nyepesi inayoitwa BAM, ambayo wepesi wake uko kwenye jina tu. A ni kuanzia 80, B kuanzia 70, C 60, D 50, E 40, S 35, chini ya hapo ni F. Vyuo vinahesabu A kuwa pointi 5 na kushuka mpaka E pointi 1. Necta yenyewe inahesabu kinyume, A ni pointi 1, na divisheni wani ni pointi 3 hadi 9. Kwa hiyo mwenye A tatu ana pointi 15 kwa hesabu ya chuo na pointi 3 kwa hesabu ya Necta, na baba yake kijijini hajui ashangilie zipi.

Anayetaka udaktari hana pa kujificha. Chuo kinaangalia fizikia, kemia na baiolojia zote tatu, huwezi kuiba kwenye moja ukalipia kwenye nyingine. Ndiyo maana darasa la PCB lina wasiwasi wa namna yake. Siku ya kwanza ya kidato cha tano nusu ya darasa tayari tunaitana "dokta". Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, yakishatoka, wanaoitwa hivyo wanabaki wachache, na wao wenyewe hawaitiki kwa sauti.

Mwalimu wetu wa fizikia hakuwa na habari na watabiri. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kuuliza maswali mahali ambapo mtu hategemei: kwenye foleni ya chakula, kwenye gogo la kukalia nje ya bwalo. Tuliporudi kutoka likizo alitukuta watano tumekaa juani tukiota joto. Baridi ya kule asubuhi haina mchezo.

"Mmepita Kitonga?" akauliza.

Wengi wetu tulitoka Morogoro, Pwani na Dar, tulikuwa tumeupita mlima ule wenye barabara ya mteremko mkali.

"Malori yalikuwa yanashuka kwa gia gani?"

Tukacheka. Mmoja akasema, gia nzito, mwalimu, kila mtu anajua, breki zisiungue. "Zinaungua na nini?" Kimya. "Kesho jioni mniambie, na mje na namba." Akaondoka zake na kikombe chake cha chai.

Kanuni ya nishati ya kitu kilichoko juu tuliijua tangu madarasa ya chini: masi mara mvutano mara kimo. Tungeulizwa tuiandike tungeiandika macho yamefumbwa. Usiku ule kwenye prepo tulikaa chini ya kibao cha shule kilichotutaka tuongee Kiingereza, tukaanza kubishana kwa Kiswahili. Tukalipa lori letu tani 30. Tukalishusha meta 100 za wima, si za barabara, na hapo palikuwa na ubishi wa nusu saa peke yake. Kilo 30,000 mara 9.8 mara 100: jouli milioni 29.4. Namba kubwa, lakini kubwa kama nini? Rafiki yangu wa kitanda cha juu, ambaye kwao mama alikuwa mama lishe, akasema tuigeuze maji ya chai. Kilo moja ya maji kupanda digrii moja inataka jouli 4,200. Kutoka digrii 20 hadi 100 ni jouli 336,000. Tukagawanya. Lita 87 na ushee.

Tukatazamana. Lori moja likishuka meta mia moja tu, kama mwendo wake hauongezeki, lazima liutoe mahali fulani moto wa kuchemsha karibu ndoo nne na nusu za maji. Ukiziachia breki kazi hiyo yote, zinanuka, kisha zinashindwa. Ukiweka gia nzito, injini inabeba sehemu ya mzigo. Kila mmoja wetu alishawahi kuinusa ile harufu dirishani mwa basi, na hakuna aliyekuwa ameifungulia kanuni.

Kesho yake mwalimu alisikiliza, akaguna, akauliza swali moja tu: na upepo je? Basi, tukaanza upya.

Sikumbuki kama swali la aina hiyo lilitoka mwaka wetu wala halinisumbui. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile tulikuwa na kipimo. Kama jambo huwezi kumweleza mwenzako kwa Kiswahili cha kawaida, bila kusoma popote, mpaka akubali au akukatalie kwa hoja, basi hulijui, umelikariri. Na aliyelieleza vizuri kwa Kiswahili usiku, mchana aliliandika kwa Kiingereza chenye sentensi fupi zilizonyooka. Wale waliokariri aya za Nelkon, kitabu chetu cha fizikia, kama zilivyo walikuwa na Kiingereza kizuri kuliko sisi hadi pale swali lilipogeuzwa kidogo. Hapo walibaki na Kiingereza.

Lakini kama ningeambiwa nichague chumba kimoja cha shule ile, ningechagua maabara ya kemia, na mtu mmoja, ningemchagua fundi wa maabara. Hakuwa mwalimu. Alikuwa mzee mwenye koti jeupe lililogeuka rangi ya chai, aliyeosha vyombo kwa ibada, na aliyetuita wote "wanangu" hata anapotufukuza.

Msimu wa kubeti fundi ndiye alikuwa mtu anayechunguzwa kuliko wote. Pepa ya tatu ni ya vitendo, na vifaa vyake lazima viandaliwe na mtu. Kwa hiyo kila katoni ikishushwa kuna macho. Wakinunua karoti, watu wanasoma upimaji wa vyakula: ayodini, Benedict, Biuret, Sudan III. Ikisikika harufu ya klorofomu, watu wanasoma panya. Fundi alijua yote haya na alikuwa na roho ya utani. Jioni moja alikatiza uwanjani taratibu na ndoo iliyofunikwa kitambaa chenye unyevu, akiinamia kama anayebeba kitu hai. Usiku ule bweni zima lilisoma chura, mishipa yake yote, kuanzia moyoni. Ndani ya ndoo kulikuwa na viazi vya nyumbani kwake.

Zaidi ya utani huo, pepa ya vitendo ilikuwa na 3A, 3B na 3C, kila moja siku yake, na hujui utaangukia ipi. Kubeti hapo ni kubeti mara tatu.

Sasa taitresheni. Unajaza bureti asidi, unapima besi kwa pipeti, unatia matone ya methili oranji, unafungua koki kidogokidogo huku mkono mwingine unazungusha chupa, mpaka manjano igeuke rangi ya chungwa. Unasoma bureti. Ya kwanza ni ya kukadiria, kisha unarudia mara tatu, na zile tatu zinatakiwa zikaribiane. Sisi tulikuwa wanafunzi wengi na bureti chache. Anayefanya mwisho anapewa bureti kengele ya chakula inalia. Kwa hiyo baadhi ya watu walifanya mara moja, wakajaza zilizobaki kwa kichwa. Shuleni wanasema kupika data.

Siku moja fundi alikuwa anakusanya madaftari ili ayapeleke kwa mwalimu, akawa anayafungua. Akasimama kwenye daftari moja.

"Wewe mwanangu, hii 23.47 umeisoma wapi?"

"Kwenye bureti, mzee."

"Nioneshe."

Akaileta bureti yenyewe, akaishika mbele ya dirisha. Mistari midogo ya bureti imepishana kwa 0.1. Jicho la binadamu linaweza kusema maji yapo kwenye mstari, au yapo katikati ya mistari miwili. Kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni 0 au ni 5. 23.45 ipo. 23.50 ipo. 23.47 hakuna jicho linaloiona pale. Imetoka kwenye kikokotoo, kwa mtu aliyeanza na jibu akarudi nyuma.

Akafungua daftari la pili. Huyu alikuwa mjanja zaidi, alijua habari ya 0 na 5, akaandika 24.50, 24.50, 24.50. Fundi akacheka hadi akakohoa. "Huyu naye mkono wake wa malaika."

Hakumshtaki mtu. Aliyarudisha madaftari mawili mezani, akasema maneno ambayo nimeyabeba kuliko kanuni nyingi: "Namba mbaya uliyoipata, njoo nayo, nitakusaidia kujua imeharibikia wapi. Namba nzuri uliyoitunga, sina dawa yake." Kisha akafanya jambo la maana kuliko maneno. Alianza kufungua maabara Jumamosi baada ya usafi, kwa kikundi cha watu sita, bila posho. Hapo ndipo kila mtu alipata bureti kwa utulivu na kuharibu kwa utulivu. Tulijifunza kutoa kiputo cha hewa kwenye ncha kabla ya kuanza, kwa sababu kikitoka katikati ya kazi kinahesabiwa kuwa asidi. Tulijifunza kuondoa faneli juu ya bureti, maana tone linaloning'inia humo litadondoka wakati wake, si wakati wako. Tulijifunza pete ya kahawia ya nitrati: asidi ya salfuriki kali unaiteremsha ukutani mwa mrija ulioinamishwa, polepole, itulie chini, na pete inajichora pale vimiminika viwili vinapokutana. Ukitikisa kwa pupa, inapotea. Hayo yote yameandikwa vitabuni, lakini mkono hausomi kitabu.

Watabiri wetu Jumamosi hawakuja. Walikuwa na jedwali la kumalizia.

Nisije nikaonekana mtu wa kudharau pasti pepa. Nilizifanya, tena nyingi. Tofauti iko kwenye unachokitafuta humo. Ukitafuta kitakachotoka, miaka kumi ya maswali itakupa unajimu. Ukitafuta namna swali linavyoulizwa, pasti pepa ni mwalimu. Utaona kwamba mada ileile inaweza kuja kwa kuelezea, kwa kutofautisha, kwa kukokotoa, kwa kutoa sababu, na kila moja inataka jibu la umbo lake. Mwalimu wetu wa kemia, mama mmoja mkali, alituletea kwenye flashi taarifa ambazo Necta huzitoa baada ya mitihani, somo kwa somo, zikichambua jinsi watahiniwa walivyojibu. Mpaka leo nashangaa wanafunzi wengi hawazijui. Humo unakuta picha za majibu halisi ya watahiniwa, mwandiko wao wenyewe, jibu zuri na jibu baya, na maelezo ya kwa nini hili limepata na hili limekosa. Mada ambazo watu walifanya vizuri zimewekwa kijani, za wastani njano, zilizowashinda nyekundu.

Mama yule alituwekea jibu baya peke yake, bila maelezo, akatutaka tulisahihishe sisi. Ilikuwa shughuli. Jibu lilikuwa refu, safi, lenye maneno yote ya kitaalamu, na lilijibu swali ambalo halikuulizwa. Darasa lilimpa mwandishi wake alama sita. Taarifa yenyewe ilimpa sifuri. Baada ya hapo mtu akiandika, kuna sauti ya mama yule nyuma ya sikio: wamekuuliza hivyo?

Mmoja wa watabiri aliazima taarifa hizo siku mbili akazirudisha. Alisema hazisemi nini kitatoka.

Kuhusu kukesha sina mengi. Wapo waliotumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie, na kwa baridi ile ya nyanda za juu kusini huo ulikuwa ushujaa kweli, nawavulia kofia. Saa nane usiku unawakuta darasani macho yamefumbuka, ukurasa uleule. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alikuwa analala saa nne, anaamka saa kumi, na kati ya hapo hata bweni lingeungua asingejua. Watu walimwambia ana dharau. BAM na General Studies tulizisoma kwa kupokezana kwenye kikundi, mmoja anafundisha wenzake mada moja, na zikatosha.

Mtihani ulianza Mei. Wanaousimulia baadaye huufanya uonekane vita, ila ninachokumbuka zaidi ni ukimya na sauti ya karatasi. Pepa ya vitendo ya kemia inachukua zaidi ya saa tatu, na mle ndani ndimo nilipoiona kazi ya fundi. Msimamizi alikuwa mgeni kutoka shule nyingine, fundi wetu alisimama mbali pembeni na koti lake, haruhusiwi kusema neno. Kijana wa meza ya jirani yangu alipata vipimo viwili vilivyokaribiana na cha tatu kikakaa mbali. Miezi sita nyuma angekipika. Nilimwona anamwaga, anasuuza, anagonga bureti kwa ukucha kutoa kiputo, anaanza tena. Alikuwa yule wa 23.47.

Watabiri? Mada moja waliyoiweka pesa ilitoka, kadhaa hazikutoka, na uainishaji uliotakiwa kupumzika haukupumzika. Jioni ile mtabiri wetu wa baiolojia alikumbusha kila mtu kwamba aliwaambia jenetiki.

Matokeo yalitukuta kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tumenyolewa, tunakimbia mchakamchaka. Simu zilikuwa za maafande, kwa hiyo majina yalifika kwa mafungu, mengine yakiwa yamechanganywa. Mmoja alishangilia divisheni ya mtu mwingine siku nzima. Kijana wa 23.47 yuko famasia. Wa kitanda cha juu ni mhandisi wa maji, mambo ya pampu na mabomba, na akipita Kitonga bado ananipigia.

Mwaka huu mdogo wangu wa kike yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), shule ya kutwa, kwa hiyo simu anayo. Wiki iliyopita alinitumia picha ya jedwali lake la penduli. Wanatakiwa kutafuta mvutano wa dunia, na yeye kwa kila urefu alipiga hesabu yake peke yake. Kwa uzi wa sentimita 30 amepata 9.2.

"Kaka, nibadilishe muda kidogo tu? Kila mtu hapa ana 9.8."

"Usibadilishe kitu. Urefu umeupima kutoka wapi mpaka wapi?"

"Juu mpaka kwenye fundo."

"Penduli inaishia kwenye fundo?"

Hakujibu. Nikamwambia achore grafu, kipindi kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe kwenye mhimili wa wima na urefu kwenye mhimili wa ulalo, atumie namba zake hizohizo bila kugusa hata moja, kisha autafute mvutano kwenye mwinuko wa mstari. Mstari ukikataa kupita kwenye sifuri asiulazimishe, aurefushe kwa rula mpaka ukate mhimili wa ulalo, aniambie umekata wapi.

Saa mbili usiku picha ikaingia. Mwinuko ulimpa 9.8. Mstari ulikuwa umenyooka, na ulikata mhimili sentimita 2 nyuma ya sifuri. Chini yake alikuwa ameandika kwamba amelipima lile gololi na kulabu yake, kutoka kwenye fundo mpaka katikati, na ni sentimita 2 kamili. Halafu akauliza kama anaruhusiwa kuliandika hilo kwenye maelezo ya makosa, kwa sababu kwenye kikundi chao wenye 9.8 hawana cha kuandika hapo.